Indiketa ya Kulia ya Pikapu ya Kombo

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi vijana wa karakana mmenitaka niwaachie neno. Neno moja sina. Nina miaka mingi ya nyaya, na nyaya hazisimuliki kwa neno moja. Vyeo nitaviruka kwa sababu mnavijua, na mshahara nitauruka kwa sababu nanyi mnaupokea. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifunza, na gari moja iliyonitoa jasho kuliko zote.

Siku ya kwanza nilifika karakana asubuhi, buibui juu, ovaroli ndani ya mkoba. Mlinzi wa getini akaniuliza nimemletea nani chakula. Nikamwambia sikuleta chakula, nimejileta mwenyewe. Akanitazama, akautazama mkoba, akanionyesha benchi la wageni. Nilikaa pale mpaka akatokea mzee mmoja mwembamba, mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni, akamuuliza mlinzi, “Yule fundi mpya wa umeme hajafika?” Mlinzi akasema hajafika. Nikanyanyuka.

Huyo alikuwa Mzee Faki, mkubwa wa chumba cha umeme. Hakushangaa wala hakucheka.

“Weye ndiye Mize?”

“Ndiye mie.”

“Basi vaa ovaroli yako, na huo mtandio ufunge vizuri, ncha zisining’inie. Feni ya injini haina adabu.”

Hayo ndiyo maneno pekee aliyopata kuniambia kuhusu mimi kuwa mwanamke. Wengine walisema zaidi, lakini wao hawakuwa wakinifundisha kitu.

Asubuhi ile ile alinipa globu ya indiketa, vipande viwili vya waya na betri kuukuu. “Iwashe,” akasema. Nikaiwasha, maana hilo nilishalijua chuoni. Akauchomoa waya mmoja, ule wa upande wa hasi.

“Imezima kwa nini?”

“Umeutoa waya.”

“Waya wa chanya upo pale pale, na moto umo. Imezima kwa nini?”

Nikautazama ule waya wa chanya.

“Moto una kwenda na una kurudi,” akasema. “Mafundi wote hutazama kwenda. Weye tazama na kurudi.”

Kwenye gari, umeme hutoka betri kwa waya ukafika kwenye taa, kisha hurudi kupitia bodi lenyewe la chuma. Njia hiyo ya kurudi ndiyo tunayoiita ethi. Haina fyuzi, haina swichi, haina rangi kwenye mchoro, kwa hiyo hakuna anayeikumbuka. Na kisiwa chetu hiki, ambacho chumvi imo hata kwenye upepo wa mlangoni, huila ethi kabla hakijala kitu kingine chochote. Nimebadilisha globu nyingi maishani, lakini nimesafisha ethi nyingi zaidi.

Mzee Faki alikuwa na taa ya kujaribia aliyoitengeneza mwenyewe: globu ndogo ya dashibodi, waya, kibanio upande mmoja, na upande wa pili sindano ya kushonea magunia. Alinitengenezea na mimi yangu. Baadaye zilikuja mita za namba, nzuri sana, na ninazo mbili. Lakini nawaambia, mita hupima bila kuutumikisha umeme. Waya uliobaki unywele mmoja utakupa namba kamili kwenye mita, ukafurahi, ukafunga kazi, na gari ikarudi keshoye. Taa ya kujaribia huutaka umeme ufanye kazi, na waya uliochoka ukitakiwa kufanya kazi husema ukweli. Tumieni mita. Lakini msiitupe sindano.

Neno lake jingine lilikuwa hili: “Gari haiugui karakana. Huugua njiani.” Alitaka kila gari ijaribiwe kama inavyotumika, si kama inavyosimama. Kama dereva amesema horni hulia akikata kona, kateni kona. Kama amesema taa huzima akibeba mzigo, bebeni mzigo. Nilimwona mara moja akiwapakia mafundi sita nyuma ya gari ili waya mmoja ukubali kukatika. Ulikatika, na mafundi wakashuka wakicheka, isipokuwa yule aliyekalia tairi la akiba.

Nilipoanza kuaminiwa kushika gari peke yangu, mojawapo ya kazi zangu ilikuwa gari ya Mwalimu Yohana, mtu wa bara aliyekuwa akisomesha hesabu na kukaa Tibirinzi. Indiketa zake hazikuwaka, kulia wala kushoto. Alikuja na kifuko chenye flasha tatu mpya, yaani kile kidude kinachozifanya indiketa ziwake na kuzima.

“Nimebadilisha hii, hii na hii,” akasema. “Zote tatu mbovu.”

“Mwalimu, zote tatu?”

“Zote. Nimeibiwa mara tatu.”

Nikamwomba abonyeze swichi ya hazadi, ile ya kuwasha indiketa zote kwa pamoja. Hakuna kilichowaka. Nikaibonyeza mimi, ndani na nje, ndani na nje, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani aliyelala. Kisha nikatia indiketa ya kulia, ikawaka. Katika magari mengi ya zamani umeme wa indiketa hupita kwanza kwenye swichi ya hazadi, na swichi hiyo kwa kuwa haitumiki miaka na miaka, huota ukungu wa shaba. Nikaifungua, nikaisafisha, basi. Mwalimu Yohana akazitazama flasha zake tatu.

“Hizi sasa nifanye nini?”

“Uziweke. Gari itazeeka zaidi.”

Alicheka, na mpaka alipohamishwa alikuwa akinisalimia kwa kuinua vidole vitatu.

Nyinyi mkiletewa indiketa, basi, mwanzo ni kumuuliza dereva na kumwacha amalize kusema. Halafu hazadi. Hazadi zikiwaka zote na indiketa zisiwake, tazameni fyuzi na swichi ya usukani. Upande mmoja ukikataa, ugonjwa uko upande huo, kwenye globu au kwenye ethi. Na indiketa ikilia haraka kuliko desturi yake, kuna taa moja haili sehemu yake ya umeme, nendeni mkaitafute. Mengine mtayakuta wenyewe, na mtayakuta siku ambayo mna haraka.

Sasa nije kwenye pikapu ya Kombo. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopata kuzifanya, na ugumu wake haukuwa kwenye nyaya.

Kombo ni kaka wa mume wangu, Salim. Ni mchuuzi wa samaki. Huwachukua kwa wavuvi wa Kisiwa Panza wanaovuka kuja kuuza, akawapakia na barafu nyuma ya pikapu yake, akawaleta soko la Chake. Pikapu yenyewe ni ya zamani, nyeupe kwa mujibu wa kadi yake. Anakaa Wawi, na nyumba ya pili yake ni ya Bi Raya, mjane, pamoja na mwanawe Hamad, aliyekuwa akiendesha bodaboda. Nyumba hizo mbili zilikuwa zikipelekeana futari, zikiazimana kibao cha mbuzi na kuleleana watoto.

Siku moja ya masika, saa za alasiri, mvua ilinyesha mpaka mchana ukatiwa giza na magari yakawasha taa. Kombo alikuwa anarudi nyumbani kutoka mjini. Alipofika njia ya kuingilia kwao, ambayo iko mkono wa kulia, alitia indiketa, akakanyaga breki, akangoja gari iliyokuwa inakuja mbele ipite. Ilipopita akakata kulia. Wakati huo huo Hamad, aliyekuwa nyuma yake na pikipiki bila abiria, alikuwa ameshatoka kumpita kwa upande huo huo wa kulia. Pikapu ikamkumba. Mguu wake ukavunjika chini ya goti.

Kombo mwenyewe ndiye aliyempakia na kumkimbiza hospitali. Lakini polisi walipouliza, kila mmoja akasema lake. Kombo akasema alitia indiketa. Hamad akasema hakukuwa na indiketa. Polisi wakaipeleka pikapu uwanjani kwao, wakatia indiketa ya kulia, ikawaka mbele na nyuma, safi kabisa. Basi ikawa kijana hakutazama. Baada ya siku chache ikawa alikuwa na simu mkononi. Simu hiyo hakuna aliyeiona, lakini kila mtu alijua ilikuwa mkono gani.

Bi Raya akaacha kuchota maji kwenye mfereji wa karibu, akawa anakwenda wa mbali. Mke wa Kombo akawaita wanawe ndani. Nyumba zile zikawa zinapeana migongo.

Asubuhi moja nikiwa chini ya gari, naona miguu ya mwanamke imesimama kando yangu, na kanga ya bluu. Nikajitoa. Alikuwa Bi Raya.

“Bi Mize, u mzima?”

“Mzima, Bi Raya. Hali ya mgonjwa?”

“Yupo, alhamdulillahi. N’najua Kombo ni shemegi yako.”

“Ni shemegi yangu.”

“Nimekuja kwako kwa kuwa sina pengine. Mguu utaunga, inshaallah. Lakini mwanangu keshaitwa mwongo, na huko kuitwa mwongo kutaunga lini?”

“Na nikiitazama pikapu nikaikuta nzima?”

“Utaniambia nzima.”

“Nikiikuta mbovu, ntasema mbovu.”

“Ndilo nililojia,” akasema, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake. Hakuniomba nimtetee mwanawe. Angeliniomba, ningelikataa.

Nyumbani nilimweleza Salim. Aliweka kikombe chake cha chai chini.

“Mama Zuwena, hii ni kesi ya polisi. Na yule ni kaka’ngu.”

“Ndiyo maana nataka kujua.”

“Na ukikuta ubovu?”

“Nitautengeneza.”

“Sisemi kuutengeneza. Nasema kuusema.”

“Fundi asiyesema alichokikuta,” nikamwambia, “atakitengenezaje?”

Salim si mtu wa kugombana, hufikiri kwanza, jambo linalonichosha na kunisaidia kwa pamoja. Mwishowe akasema, “Basi usende peke yako. Ukikuta kitu upande mmoja utasema umekitia weye. Usipokuta, upande wa pili utasema umekificha. Fanya mbele za watu.”

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza ethi.

Kwanza nilikwenda kwa Hamad. Alikuwa amelala kitandani sebuleni, mguu ndani ya plasta, uso wa mtu aliyekwisha choka kuulizwa. Alinisalimia kwa heshima, lakini alitazama ukuta.

“Hamad, mie sikuulizi kuhusu indiketa. Niambie ulichokiona, usiniambie ulichokidhani.”

“Niliona pikapu imepunguza mwendo. Mvua ilikuwa yanipiga usoni. Niliona taa nyekundu ya breki, nikajua anasimama, nikadhani anashusha mtu. Nikatoka nimpite.”

“Taa ya breki uliiona wapi?”

“Kushoto.”

“Kushoto tu?”

Akaacha kutazama ukuta. “Kushoto tu. Kulia kulikuwa giza.”

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari ya taa nyekundu. Wote walimuuliza ile ya njano, akawajibu hiyo hiyo waliyomuuliza.

Kutoka hapo nikavuka uwanja kwenda kwa Kombo. Pikapu ilikuwa imeegeshwa ubavuni mwa nyumba, polisi wameirudisha kwa sharti isitembee mpaka kesi iishe. Kombo alikuwa kibarazani. Tangu siku ile alikuwa hachukui samaki, na uso wake ulikuwa umepungua.

“Shemegi, nawe umekuja kunisaili?”

“Nimekuja kuisaili pikapu. Lakini yenyewe haisemi, basi naanza na weye.”

Alitabasamu kidogo, akanisogezea mkeka.

“Indiketa ulitia?”

“Wallahi nilitia. Niliisikia kwa masikio yangu.”

“Ilikuwa ikilia vipi?”

“Kama kawaida. Tik, tik.” Akasita. “Siyo. Ilikuwa na haraka kidogo. Nikasema labda mimi ndiye mwenye haraka, kwa mvua ile.”

“Na polisi walipoijaribu, ililia haraka?”

“La. Polepole.”

“Walikanyaga breki?”

“Wakanyage breki kwa nini, shemegi? Gari imesimama.”

Nilimshukuru, nikaondoka bila kuigusa pikapu. Nilikuwa nimeshajua, lakini kujua kwangu hakukuwa na faida yoyote kwa Bi Raya. Nilikuwa shemegi. Ilibidi wajue wao.

Nikamwendea sheha wa Wawi, mtu mtulivu aliyekuwa amechoshwa na ugomvi huo kuliko wenyewe, nikamwomba awakusanye pande zote mbili na afande aliyeshika kesi. Walikusanyika baada ya sala ya alasiri, ubavuni mwa nyumba ya Kombo. Hamad alibebwa na mjomba wake, akakalishwa kwenye kiti nyuma ya pikapu, mguu umelazwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Bi Raya alisimama kando yake. Watu wengine walikuja bila kuitwa, kama ilivyo desturi, na wakakaa kana kwamba wameitwa.

Mimi nilisimama mbali na gari, mikono nimeifunga kifuani makusudi ionekane. Nikamwomba Kombo akae kwenye usukani na kila mwingine asimame nyuma, mahali alipokuwa Hamad siku ile.

“Shemegi, washa gari. Tia indiketa ya kulia.”

Ikawaka na kuzima, njano nzuri, kama ya gari mpya. Nilimwona Bi Raya akiinamisha uso.

“Hivi ndivyo ilivyokuwa kwetu,” akasema afande.

“Siku ile ilikuwa mvua na giza,” nikasema. “Shemegi, washa na taa.”

Taa zikawaka. Indiketa ikaendelea, ingawa mwanga wake ulipungua kidogo, na sidhani kama mwingine alitambua.

“Sasa kanyaga breki, usiachie.”

Upande wa kulia ukafa. Haukuwaka nyekundu wala njano, ulibaki wekundu hafifu kama wa kaa lililofunikwa na jivu. Upande wa kushoto taa ya breki iliwaka kwa nguvu. Na kutoka ndani, kupitia dirisha lililokuwa wazi, tuliisikia flasha ikianza kukimbia, tik-tik-tik-tik.

Afande akaisogelea taa.

“Achia.”

Indiketa ikarudi.

“Kanyaga.”

Ikafa.

Afande akaomba akae yeye. Akaachia, akakanyaga, akaachia, akakanyaga, na kila mara akauliza wa nyuma wanaona nini, na kila mara wakamjibu watu wengi kwa pamoja. Kombo aliyekuwa ameshuka akaja kusimama nyuma, karibu na kiti cha Hamad. Hapo ndipo alipoiona taa ya gari yake kwa mara ya kwanza kama walivyoiona wengine barabarani.

“Ndivyo nilivyoona,” Hamad akasema, kwa sauti ndogo, bila kumlenga mtu.

Sheha akanigeukia. “Sasa Bi Mize, hebu tufahamishe. Nani kasema uongo?”

“Hakuna, Sheha. Kombo yuko mbele, na taa ya mbele ilikuwa inapiga, na mlio aliusikia. Hamad yuko nyuma, na nyuma hakukuwa na kitu. Kila mmoja kasema alichokiona.”

Watu walikuwa wamekuja wamejiandaa kwa mwongo mmoja. Hawakujua wafanye nini na wakweli wawili. Nikawaona wanatazamana, na mzee mmoja aliyekuwa akiisimulia sana ile simu ya mkononi akakumbuka kuwa ana mbuzi wa kuwafunga.

Afande aliponiruhusu, nilifungua taa ya nyuma kulia mbele ya macho yao. Taa tatu zilizomo mle, ya breki, ya indiketa na ile ndogo ya usiku, hurudisha umeme wao kwa bolti moja tu iliyoshikamana na bodi. Bolti hiyo ilikuwa imegeuka donge la kutu. Miaka mingi barafu ya samaki ilikuwa ikiyeyuka nyuma ya pikapu, na maji ya chumvi yakiteremka kwenye pembe hiyo hiyo, kwa sababu gari ilikuwa imelalia upande huo. Nikamwambia sheha, “Mlango umebaki upenyo. Mtu mmoja anapita kwa ubavu. Watatu wakija pamoja, hapiti hata mmoja.” Akasema amefahamu, na nadhani alifahamu, maana alichungulia ile bolti muda mrefu kuliko wote.

Afande alipiga picha kwa simu yake. Kisha nikaikata bolti, nikapiga msasa mpaka chuma kikang’aa, nikatia mpya, nikaongeza waya kutoka kwenye taa mpaka chesisi, nikapaka grisi juu. Tukajaribu tena, breki, taa na indiketa kwa pamoja. Kila kitu kikawaka mahali pake. Ilikuwa kazi ya mtu kunywa kikombe cha kahawa. Nimefanya kazi kama hiyo mara nisizoweza kuhesabu, na ile ndiyo pekee ambayo watu walisimama kuitazama kama vile napasua mtu.

Kombo hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya sheha na mikono yake mirefu imening’inia.

“Nilisema yule mtoto alikuwa na simu,” akasema. “Mie ndiye niliyeanza kulisema. Simu sikuiona. Nilijua nimetia indiketa, nikaona lazima kuwe na sababu.” Akamgeukia jirani yake. “Bi Raya, nimemsingizia mwanao.”

Bi Raya alimtazama. Halafu akamwambia kaka yake ambebe Hamad, wakaenda zao, bila kumjibu. Watu walinung’unika kuwa kakosa uungwana. Mimi sikumlaumu. Alikuwa amelisubiri neno lile wiki nyingi, na mtu hawezi kulipokea kwa kusimama, mbele ya halaiki ile.

Siku ya pili yake, Kombo akamwomba Salim amsindikize kwa Bi Raya. Mimi sikuwepo, haya nimeyapata kwa Salim, ambaye husimulia kidogo lakini haongezi. Bi Raya aliwafungulia mlango, akawakaribisha viti, akaingia ndani. Kombo akamwambia Hamad kuwa matibabu yote yatakuwa juu yake, na kwamba polisi wakimwadhibu kwa kuendesha gari mbovu atakubali, hatapinga. Hamad alisikiliza mpaka mwisho.

“Ami Kombo,” akasema, “siku ile nilipokuwa chini, niliona ulivyonibeba. Nilijua hukukusudia. Kilichoniuma ni ile simu.”

“Najua.”

“Pikapu imepona?”

“Imepona.”

“Basi tuungoje mguu.”

Bi Raya akatoka ndani na birika la chai. Salim anasema hakusema neno, lakini kikombe cha kwanza alimmiminia Kombo.

Kombo aliadhibiwa kwa ubovu wa gari yake, akaipokea adhabu. Akalazimika pia kuzikubali amri zangu: nikamtengenezea sahani ya bati ya kukinga maji ya barafu, na nikamtaka aje kila baada ya muda niitazame ethi, ndugu au si ndugu. Katika jamaa zangu wote ndiye pekee anayetii. Mguu ulichukua wakati wake, kwa kuwa mfupa hausafishwi kwa msasa. Palikuwa na kipindi cha magongo, kisha cha fimbo, kisha Hamad akarudi kwenye pikipiki, anachechemea kidogo siku za kipupwe.

Kuna jambo moja ambalo karakana haikuweza kulirudisha. Nililiona mwenyewe hivi karibuni, nilipokuwa nimekaa mbele na Kombo tukirudi Wawi. Hamad alikuwa nyuma yetu. Kombo alitia indiketa ya kushoto, akasogea pembeni ampishe, na njia mbele ilikuwa nyeupe. Taa ile naijua, nimeiunga kwa mikono yangu, na ilikuwa inapiga sawasawa. Hamad hakupita. Alipunguza mwendo akabaki pale pale nyuma yetu, mpaka Kombo alipoteremsha kioo, akatoa mkono wake wote nje, akampungia.

Ndipo akapita, naye akainua mkono.

“Kila siku hivyo?” nikamuuliza Kombo.

“Kila siku,” akasema, akapandisha kioo. “Nami kila siku nautoa.”